Usingizi wa Shilingi Kumi na Tano

Wenzangu mlioko Chala, leo nimejivua nguo mbele za watu. Nawaandikia shavu likiwa limevimba, kabla hamjasikia kwa wengine.

Mnajua mume wangu Kornelio alikwenda kukata mkonge Tanga, na mnajua tulivyoagana: kwa ugomvi, sababu ya baiskeli. (Ndiyo, baiskeli. Msiniulize.) Nikaapa kwamba neno "rudi" halitatoka kinywani mwangu. Akitaka kuja, aje. Mwaka wa pili huu. Barua zake nazijibu kwa habari za mvua na mahindi, basi. Lakini nikisonga ugali wa ulezi, mpaka leo nasonga wa watu wawili, halafu nakaa nautazama.

Leo asubuhi tumetoka Mollo, mimi na mama mkwe, kwenda mjini. Jino lilikuwa limeninyima chakula siku nne. Kuna daktari wa meno, Mhindi mmoja anayezunguka na sanduku lake, amepanga chumba nyuma ya duka. Nje benchi limejaa wagonjwa. Akatutajia bei.

"Kavukavu, shilingi mbili. Sindano ya ganzi, nne. Kulala kabisa, kumi na tano."

"Kumi na tano!" nikasema. "Hiyo si bei ya mbuzi?"

"Mbuzi hang'ati daktari," mama mkwe akajibu. (Mwaka juzi nilimng'ata mganga wa zahanati. Kidole kimoja tu!) Akafungua fundo la khanga, akatoa pesa yake ya kuuza ulezi. "Mlaze."

Dakika ile nilimpenda mama yule kuliko watu wote.

Nikafunikwa kitambaa puani. Harufu kali! "Hesabu mpaka kumi," daktari akasema. Nakumbuka nne.

Nilipoamka, jino lilikuwa kwenye kisahani. Nikatoka nje nikiyumba huku nikijisifu: hata sikulia! Benchi zima linanitazama. Mama mmoja nisiyemjua akanishika mkono.

"Pole, mwanangu. Atarudi tu."

"Nani?"

"Kornelio."

Jamani!

Kumbe chumba kile hakina mlango, kina pazia tu. Na mimi usingizini nilisema yote, tena kwa sauti. Kwamba nimemkumbuka mpaka naumwa. Kwamba koti lake sijalifua, nalinusa. Kwamba baiskeli aiuze, aigawe, aivunje, mimi namtaka yeye. Na ni kweli, wenzangu, kila neno.

Hapo ndipo nikamwona Bwana Salumu, mwandishi wa barua, naye kaja na jino lake. Kibao cha kuandikia kiko magotini, wino vidoleni. Mnaijua kazi yake: anaandika maneno kama yalivyotamkwa, hapunguzi wala haongezi.

"Shikamoo, Bwana Salumu. Hukuandika, eti?"

"Marahaba. Mama yako kaniambia andika, nikaandika. Kurasa mbili. Hata pale ulipolia nimeweka, 'hapa analia.'"

"Mama! Barua iko wapi?"

"Nimempa dereva wa lori la posta," akasema bila hata kunitazama. "Wewe una kiapo chako. Mimi nina mtoto mmoja. Mlitaka ningoje mpaka nife, ndipo aje kunizika?"

Miaka miwili tumelima shamba moja, na sikuwahi kumwuliza kama naye amemkumbuka.

Lori lilikuwa bado sokoni, linapakia magunia. Nililisikia likinguruma. Si mbali, ningekimbia ningeliwahi.

Nikakaa kwenye benchi. Nikasema kichwa bado kinazunguka. (Hakikuwa kinazunguka.) Nikangoja hapo na mama mkwe, tumeshikana mikono, mpaka mlio wa lori ukapotea njia ya Tunduma.

Sasa nawaomba: Kornelio akirudi, msicheke mbele yangu. Na asiporudi, msicheke kabisa.