Mbwa Anayelala Migori

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimechapa amri ya kumuua mbwa wetu. Kwa vidole vyangu mwenyewe.

Mimi ni karani wa ofisi ya mifugo hapa Rangwe. Kazi yangu ni kuchapa ninachopewa, si kuuliza. Asubuhi mkuu wetu, Daktari Helen, alinipa karatasi. Mbwa wa kahawia, sikio moja limekatika, amemuuma mzee Nashon kwenye shavu la mguu wa kushoto. Mbwa yeyote anayeuma watu bila sababu ni hatari kwa umma. Aletwe ofisini Ijumaa, aondolewe kwa njia ya upole. Nilichapa vizuri sana. Hata koma niliziweka sawa. Kisha nikafika kwenye jina la mbwa.

Nyapara.

Nilisahau kupumua. Ken, mwenzangu wa kazi za nje, aliniuliza kama nimemeza kitu. Huyu Ken anaitamani meza yangu ya dirishani tangu nilipoajiriwa. Nikasema nimemeza maji vibaya. Nikapiga mhuri. Ningefanya nini? Daktari alikuwa amesimama hapo.

Nashon ni jirani yetu. Nilijua anachechemea. Sikujua ameshtaki!

Nyapara alikuwa mbwa wa Baba. Baba alikuwa nyapara kwenye mashamba ya miwa kule Awendo, na alipofariki mbwa alirithi cheo, na tabia pia, kama anavyosema Mama. Kila jioni Mama hafungi mlango mpaka Nyapara alale kizingitini. Tangu tumzike Baba, huo ndio usingizi wake.

Niliwaambia wakati wa chakula. Dada yangu Liz akataka kujua kama mhuri niliupiga katikati au pembeni. Mama alitua sufuria chini. Halafu akasema niende kwa Nashon nimuulize alikuwa anafanya nini kwenye boma letu siku ile. Basi.

Nilimweleza kwa upole kwamba mambo ya sheria hayaendi hivyo. Linahitajika wazo.

Jumanne, 10 Juni

Wazo limepatikana. Cheti cha tabia njema!

Binadamu akitafuta kazi anaombwa barua ya mtu anayemfahamu. Kwa nini mbwa asipewe nafasi hiyo? Nilikwenda kwa Abdi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu anayeheshimiwa na soko zima. Nikamwomba aandike habari za Nyapara. Nikamsisitizia aandike ukweli mtupu, maana ofisi yetu haipendi uongo.

Abdi aliandika ukurasa mzima. Sikuusoma, kwa heshima. Nikaupeleka kwa Daktari Helen nikisema umeletwa na mwananchi.

Aliusoma mara mbili. Abdi alikuwa amesema mbwa ni mpole, ana adabu, humsindikiza kufungua duka. Akaendelea kusema kwamba mwaka jana alibeba viatu vya wateja waliokuwa wakiswali nyuma ya duka. Vya kushoto tu. Kwamba alimkalisha fundi juu ya tangi la maji tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kwamba hajawahi kuomba msamaha.

Daktari alinishukuru. Alisema barua hii imeipa amri nguvu.

Nilikwenda kwa Abdi kulalamika. Alishangaa. Akasema, "Karani, si wewe uliyetaka ukweli? Ungesema unataka sifa ningekuandikia sifa."

Mama ameuliza kama nimekwenda kwa Nashon. Nimesema nina shughuli.

Jumatano, 11 Juni

Sikupata usingizi, lakini nimepata sheria.

Boma letu limekaa mpakani mwa kaunti mbili. Lango na nyumba ziko Homa Bay. Jiko, choo na migomba viko Migori. Serikali inatuhesabu Homa Bay kwa sababu moja tu: lango letu linatazama huku. Chifu mwenyewe alisema hivyo wakati wa kugawa mbegu. Boma ni la pale lango lilipo.

Sasa basi. Lango likiwa Migori?

Nilimwuliza Daktari Helen, kwa niaba ya rafiki, kama amri yetu inaweza kumfuata mbwa ndani ya Migori. Akasema hapana, kule wana watu wao. Nilitetemeka kwa furaha. Akauliza rafiki gani huyo. Nikasema hamjui. Akasema nimwambie huyo asiyemjua naye amlete mbwa wake Ijumaa kabla ya chai.

Jioni nimeazima panga kwa Abdi. Nimemwambia ni la nyasi.

Alhamisi, 12 Juni

Naandika nikiwa kwa shangazi, Awendo, ndani kabisa ya Migori. Mikono ina malengelenge. Lakini kila kitu kinakwenda sawa!

Kulipopambazuka nilikata ua wa nyuma, nyuma ya migomba. Pengo zuri, pana, watu wawili wanapita bega kwa bega. Nikasukuma pipa analolalia Nyapara wakati wa mvua mpaka hapo. Nikamwonyesha. Alininusa mkono, akarudi kulala kizingitini kwa Mama. Homa Bay!

Nilishtuka. Lango la Migori lina faida gani ikiwa mbwa mwenyewe anasisitiza kulala kaunti nyingine? Hapo ndipo akili iliponifanyia kazi. Alale usiku mmoja Migori kabisa, mbele ya shahidi. Ushahidi ukishakuwepo, umekuwepo.

Sikutaka Mama apate wasiwasi, kwa hiyo nilimwambia naenda kazini. Sikutaka Ken apate maneno, kwa hiyo nilimpigia nikasema tumbo limenishika vibaya sana, niko kitandani. Kisha nikazima simu nisisumbuliwe. Hakuna aliyeachwa bila jibu. Nimekuwa mwangalifu.

Trekta la miwa lililokuwa likirudi tupu lilitubeba kutoka Rongo. Nyapara alikaa mbele na dereva. Mimi nilikaa nyuma.

Shangazi, dada yake Baba, anaogopa mbwa. Sikuwa na habari. Alipanda juu ya meza na kuanza kusali. Ilibidi nimweleze sheria yote akiwa huko juu. Aliponielewa aliniuliza kama Mama yangu anajua niliko. Nikasema atajua kwa wakati unaofaa. Akasema Baba naye alikuwa hivi hivi, ila yeye alikuwa na miguu ya kukimbilia.

Nyapara amelala kwenye kochi la shangazi. Shangazi amelala kwenye kiti cha mbao. Nimepiga picha.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekufa.

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Tulirudi kabla ya saa sita, mimi na Nyapara, kwa njia ya nyuma ili tuingie kwa lango letu jipya kama wakazi halali wa Migori. Kwa mbali nikaona hema. Viti vya plastiki. Gari la ofisi yetu. Daktari Helen amekuja na jeshi kumchukua Nyapara! Tukajificha kwenye migomba, nikamfumba mbwa mdomo kwa mikono miwili.

Kisha nikasikia nduru za akina mama. Na jina langu ndani ya nduru.

Kwetu hapa, kijana asiyejenga boma lake akifia mbali, mwili wake haupitishwi langoni. Ua hukatwa, aingizwe kwa pengo. Hilo nalijua. Nimelijua tangu utotoni! Kila mtu analijua. Lakini nilipokuwa nakata nilikuwa nafikiria kaunti, sikufikiria mila.

Nimekuja kuambiwa baadaye jinsi ilivyokwenda. Jana mchana Ken alimpigia Mama kuuliza mgonjwa anaendeleaje. Mama akamuuliza mgonjwa yupi, Benard si yuko hapo kazini? Wakanipigia wote wawili. Simu imezimwa. Wakati huohuo jirani aliyekuwa akipita kuchota maji akaona pengo jipya kwenye ua wetu. Hakuuliza. Nani huuliza jambo kama hilo? Alitua mtungi, akapiga nduru. Mama alipofika na kuona pengo, alidhani wazee wa ukoo wamepata habari na wanaogopa kumwambia. Wazee nao walidhani Mama ndiye aliyeagiza likatwe. Kufikia jioni boma limejaa, na leo asubuhi wengine walikuwa wametumwa kuuliza mochari za Homa Bay na Migori.

Nilipaswa kutoka palepale. Najua. Lakini Ken alikuwa anahutubia.

Alisema nilikuwa rafiki yake wa karibu. Kwamba nilikuwa karani ambaye hakuwahi kukosea koma. Kwamba tangu asubuhi ameshaketi kwenye meza yangu ya dirishani, si kwa kupenda, bali kunienzi. Nilitaka kumwachilia mbwa hapohapo.

Kisha akasimama Nashon. Anachechemea, ana bandeji, analia wazi mbele ya watu.

"Mama Benard, nisamehe," alisema. "Mtoto huyu amekufa kwa mawazo ya mbwa wake, na mimi ndiye niliyeshtaki. Nilisema nimeumwa bila sababu. Si kweli. Niliruka ua wenu na gunia nikachume avokado, mkiwa kanisani. Mbwa alinionya mara mbili. Alifanya kazi yake. Daktari, upo hapa, sikia: mwacheni huyo mbwa, popote alipo. Mama huyu abaki hata na huyo."

Macho yaliniuma. Nikajipangusa. Na kujipangusa kunahitaji mkono.

Nyapara alitoka kwenye migomba kama jiwe. Alipita katikati ya viti moja kwa moja mpaka miguuni kwa Mama. Watu wakamtazama. Kisha wakatazama alikotokea. Na mimi nilikuwa nimesimama kwenye pengo, mahali hasa ambapo maiti huingilia, nguo zimejaa vumbi la miwa.

Nikasema hamjambo.

Sijawahi kuona watu wazima wakikimbia hivyo. Hema ilikwenda na watu. Ken aliruka ua ambao haukuwa umekatwa. Nashon alisahau mguu wake kabisa.

Mama hakukimbia. Alikuja polepole, akanishika mashavu, kwanza kwa upole, kama anayepima embe. Kisha akanizaba kofi, nami nikajua niko hai. Akanishika tena, na hakuniachilia mpaka Liz alipokuja kumwondoa mikono kidole kimoja kimoja. Macho ya Liz yalikuwa yamevimba. Akasema kama ningechelewa saa moja angeshairithi redio yangu.

Daktari Helen aliketi kwenye kiti pekee kilichobaki kimesimama. Nikamwonyesha picha ya Nyapara kwenye kochi, nikaanza kueleza habari ya lango, kaunti na ushahidi. Alinitazama mpaka maneno yakaniishia.

"Benard," alisema, "ni wewe uliyechapa 'bila sababu'. Hukuwaza kwenda kuuliza sababu?"

Amri imefutwa. Palepale, kwa kalamu. Nyapara afungwe nyumbani kwa siku za uangalizi, kisha aletwe ofisini kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Mimi nimepewa onyo kwa kudanganya ugonjwa.

Waombolezaji walirudi mmoja mmoja. Walikataa kuondoka kabla ya kula, kwa kuwa chakula kilikuwa kimeshapikwa. Wazee wameagiza nizunguke nikaingie kwa lango kubwa, mbele ya watu wote, ili ijulikane ninaishi. Nimeingia. Wamepiga makofi kidogo.

Jumamosi, 14 Juni

Nashon amekuja na miche ya ua, ameliziba pengo mwenyewe. Mama amempa avokado gunia zima. Walicheka pamoja mpaka Mama akashika mbavu. Jana alikuwa ananililia.

Jioni Mama alisubiri Nyapara alale kizingitini, kisha akafunga mlango. Nilimsikia Mama akikoroma kabla sijamaliza chai.

Nikitazama nyuma, naona mpango ulifaulu. Bila pengo pasingekuwa na matanga. Bila matanga Nashon asingesema. Nimemweleza Liz. Ameniomba nirudie polepole, kisha akatoka nje kucheka.

Jumatano, 25 Juni

Msiba.

Leo nilimpeleka Nyapara kwa chanjo. Alisimama vizuri, akadungwa, hata hakulia. Nikageuka kutafuta kalamu. Nikasikia yowe.

Amemuuma Ken. Shavu la mguu, lilelile la kushoto. Ken anaapa mbele ya ofisi nzima kwamba alikuwa amesimama tu. Bila sababu! Daktari Helen alivua miwani, akafumba macho. Amenipa karatasi ya kuchapa. Ijumaa.

Nimewaambia nyumbani. Mama hakuinua hata kichwa kutoka kwenye mboga. Amesema niende kwa Ken nimuulize alikuwa anafanya nini. Liz amesema kuna kipande cha nyama ya kuchoma kwenye mfuko wa koti la Ken, amekiona mwenyewe alipokuja ofisini kunichukua, na mfuko una alama za meno.

Wanawake hawa hawaelewi mambo ya sheria.

Nimefungua ramani. Upande wa kulia wa boma, ukivuka kijito tu, ni kaunti ya Kisii. Ua wa upande ule bado mzima, na Abdi hajaulizia panga lake.