Sauti ya Baba Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 3 Juni

Nimetoka na Mama kwa daktari wa macho. Habari si njema. Presha ya macho imeshalimaliza jicho la kushoto, na la kulia linafuata. Daktari amesema dawa itachelewesha tu. Nuru ikishaondoka hairudi. Kama kuna kitu Mama anapenda kukitazama, akitazame sasa.

Tulipofika nyumbani Mama akavua viatu, akakaa, akasema anataka kumwona Baba. Si ile picha ya ukutani. Anataka kumwona akitembea.

Baba alishatutoka. Anapotembea bado ni mahali pamoja tu: kwenye video ya harusi ya mdogo wangu wa kike. Video iko kwenye flashi, flashi iko kwenye kopo langu la vifungo, chini ya zipu. Mimi ni fundi mapazia. Vitu vyangu vyote vya thamani vinakaa kwenye makopo.

Kwenye simu haifai. Mama anasema watu wa kwenye simu ni sisimizi. Lazima iwe runinga, na tundu la flashi la runinga yetu lilikufa mwaka jana, siku niliyoingiza flashi kichwa chini kwa nguvu. Familia inaamini ilikuwa radi.

Jioni mdogo wangu kapiga simu. Mumewe yuko tayari kuja Jumapili na kompyuta yake na waya, amwoneshe Mama. Nimesema asisumbuke. Shemeji yangu ni mtu mzuri. Kila mtu ananiambia hivyo mpaka masikio yananiuma. Mama humwita "mwanangu". Mimi huniita "huyu".

Ninayo mashine ya gemu. Kinyozi wa jirani alinipa tukabadilishana na mapazia ya saluni yake. Inaungwa na runinga kwa waya wake yenyewe, na ina matundu ya flashi mbele. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Mama atamwona Baba kwa mkono wangu mimi. Imekwisha hiyo.

Jumanne, 4 Juni

Mashine haioni flashi.

Nimechomeka tundu la kulia. Kimya. La kushoto. Kimya. Nimepuliza. Nimefuta flashi kwa kipande cha hariri, mabaki ya kazi ya mteja. Kimya, ila cha heshima zaidi.

Mke wangu alikuwa mlangoni akinitazama. Ameuliza kwa upole kama si bora tumwite shemeji. Akaongeza kwamba mficha uchi hazai. Nimemjibu kwamba sifichi chochote, nafanya uchunguzi.

Mchana nikaenda kwa kinyozi. Sikutaka ajue kwamba sijui, kwa hiyo nikakaa kitini ninyolewe. Nilikuwa nimenyolewa juzi. Wembe ulipofika nyuma ya sikio nikamuuliza, kama mtu anayepiga soga tu, kwenye mashine ile watu hutazamaje video. Akasema kwanza upakue programu ya kuchezesha video, maana mashine yenyewe haina. Halafu flashi iwe imefomatiwa kwa mtindo ambao mashine inaukubali, vinginevyo ni sawa na kuchomeka njiti ya kiberiti. Na kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo video ihamishwe kwanza. Nikatikisa kichwa kuonesha kwamba hayo yote niliyajua. Ndiyo sababu nina plasta nyuma ya sikio.

Programu nimeipakua. Imekula bando la mwezi mzima. Mke wangu hajajua.

Jumatano, 5 Juni

Nimefikiri siku nzima huku nikishona vibaya. Video lazima ihamishwe. Simu yangu imejaa picha za mapazia, na sifuti hata moja. Kompyuta katika ukoo huu ni moja, ya shemeji.

Lakini mchana shemeji huwa kazini. Mdogo wangu yuko nyumbani na anaijua kompyuta vizuri. Nitakwenda kama niliyekuja kupima madirisha. Nitamwomba anifanyie, nitamwapisha, na shemeji hatajua. Mpango safi. Nimelala mapema.

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji yuko nyumbani. Mafua.

Alikuwa kwenye kochi, amejifunga shali, anakunywa maji ya moto. Sikuweza kurudi nyuma, futi ilikuwa tayari mkononi. Nikapima dirisha la sebuleni. Nikapima ya vyumbani. Nikapima hata kile kidirisha cha bafuni. Mdogo wangu akauliza kwa nini napima madirisha ambayo mapazia yake niliyashona mwenyewe mwezi wa tatu. Nikasema madirisha hubadilika.

Shemeji akanyoosha mkono, akasema nilete hiyo flashi. Ilikuwa imechungulia kwenye mfuko wa shati langu tangu nilipobisha hodi. Ikabidi nimweleze habari ya mashine ya gemu. Akahamisha video, akaifomati flashi, akairudisha video humo, huku akipiga chafya. Kisha akasema taratibu kwamba picha itatoka, ila sauti ya video hii ni ya mtindo wa zamani na mashine za gemu mara nyingi huikataa. Aibadilishe? Ni kazi ndogo. Nikasema hapana, asante, sisi nyumbani tunapenda ya asili.

Sijui neno hilo nililitoa wapi. Shemeji akasema haya, akanirudishia flashi kwa mikono miwili. Mtu mzuri kweli. Nimetembea mpaka nyumbani na hasira zangu.

Ijumaa, 7 Juni

Picha imetoka.

Nilikuwa peke yangu sebuleni. Wageni wakapita, maharusi wakapita, maua ya mpiga video yakazunguka kwenye kioo, halafu akatokea Baba. Koti lake la kahawia. Ile namna yake ya kutembea, goti moja likimdai lingine. Nililia. Sina haja ya kuficha, shajara ni yangu.

Sauti hakuna. Nimeongeza kwa rimoti mpaka mwisho. Nimezima nikawasha. Nimebadilisha waya. Baba anafumbua mdomo, anafumba, na hakuna kinachotoka. Shemeji alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nikafika kwenye hotuba yake. Hotuba hiyo naijua. Kila mtu katika ukoo anaijua. Baba alisimama mbele ya wageni, akamshika shemeji bega, akasema leo nimepata mwana wa kiume. Ukumbi ukashangilia. Mimi nilikuwa meza ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Nilikuwa mwana wa kiume tangu kuzaliwa na hakuna aliyewahi kunipigia makofi kwa ajili hiyo. Tangu siku ile sijawahi kuitazama video kupita hapo. Leo pia nikazima hapo.

Kisha nikakaa nikawaza. Sauti hakuna. Kwa hiyo na ile sentensi haipo.

Watu waliokuwa wakinipigia simu walikuwa wakidhani wanaongea na Baba. Sauti zetu ni pacha. Na kando ya runinga kuna pazia langu mwenyewe, zito, lenye bitana, linafika sakafuni. Mtu mzima anaenea.

Jumamosi, 8 Juni

Mazoezi.

Ugumu ni kwenda sawa na midomo. Baba alikuwa na mazoea ya kunyamaza katikati ya sentensi, kama anayetafuta funguo. Vituo vyote hivyo nimevipata. Ile sentensi ya bega nimeiondoa na kuweka nyingine yenye haki zaidi.

Mama yuko chumba cha pili. Ameuliza nagombana na nani. Nimesema ni redio.

Mke wangu amenisikiliza mpaka mwisho. Ameuliza kama nimemfikiria Mama. Nimesema ndiye ninayemfikiria, atafurahi. Akauliza atakayefurahi hasa ni nani. Nikajaza asali mdomoni, kwa ajili ya koo.

Jumapili, 9 Juni

Nimetulia kidogo, sasa naweza kuandika.

Mama alikaa kwenye stuli mbele ya runinga, pua karibu iguse kioo. Mdogo wangu na shemeji kwenye kochi. Mke wangu alishika padi ya mashine, nilimfundisha kitufe kimoja. Nikatangaza kwamba naenda kuangalia fyuzi, nikazunguka, nikajipenyeza nyuma ya pazia.

Baba akasimama. Nikaanza kuwakaribisha wageni. Nilikwenda naye vizuri, hata mdogo wangu nilimsikia akivuta pumzi. Tukafika kwenye bega. Nikasema, kwa sauti ya Baba, karibu mkwe wangu, ila mwana wa kiume ninaye siku nyingi, yuko kule karibu na jikoni, fundi hodari, tabia njema, msimsahau. Kwenye kioo Baba alikuwa amefunga mdomo tangu "karibu". Mengine yote aliyasema amefumba.

Shemeji akatazama chini. Mama hakugeuka. Akasema, kwa sauti yake ya kila siku, wewe uliyeko nyuma ya pazia, nyamaza. Sauti ya baba yenu ninayo, masikio yangu hayaumwi. Kinachoniondoka ni uso. Niacheni nimwone.

Nikanyamaza. Kutoka siwezi, kubaki ni aibu. Nikabaki, na kwa kuwa upande wa pazia ulikuwa na uwazi, nikajikuta naitazama video kupita pale ninapozimaga.

Baba aliachia bega la shemeji. Kiti chake cha heshima kilikuwa mbele, kimefungwa utepe. Hakukiendea. Akapita katikati ya meza, polepole, na goti lake lile, watu wakimpa mkono, mpaka nyuma kabisa. Akavuta kiti kando ya kijana mmoja aliyenuna, sahani yake haijaguswa. Akamwekea mkono shingoni. Akamwinamia, akamwambia kitu. Kijana hakugeuza hata kichwa.

Kijana ni mimi. Sikumbuki. Nilikuwa nimenuna kiasi cha kutojua ni nani amekaa karibu yangu.

Mama akaomba irudishwe. Mke wangu, niliyemfundisha kitufe kimoja, akakijua na cha pili. Wakarudisha tena na tena. Mama akaweka kidole kwenye kioo, juu ya ule mkono wa Baba, akawa anausindikiza kila unaponifikia. Akasema, bila kunitazama, kwamba Baba alipomaliza maneno ya watu alikuja kukaa kwangu mimi. Akasema yeye siku zote alijua hivyo, na alidhani na mimi najua.

Nilikaa nyuma ya pazia mpaka wageni walipoaga. Mke wangu aliniletea chai hukohuko.

Jumatatu, 10 Juni

Shemeji kapita asubuhi kabla ya kazi, mafua bado yanamsumbua. Kaniita nje. Ameleta flashi mpya. Kumbe video ilibaki kwenye kompyuta yake, na jana usiku ameibadilisha sauti, sasa mashine itaikubali. Akasema Baba siku ile alisahau kuvua kile kipaza sauti kidogo cha kwenye kola. Alitembea nacho mpaka kwenye meza yangu. Alichoniambia kimo humo.

Shemeji hajakisikiliza. Alipoona Baba anavuta kiti alizima, kwa sababu, amesema, hayo si yake. Nikamshukuru. Nilimshukuru kwa moyo, na nikamshika mkono muda mrefu kuliko kawaida yetu.

Kisha nikakaa mbele ya mashine na flashi kiganjani. Mama amelala. Mke wangu katoka. Kuchomeka tu.

Huenda alisema jambo ambalo ningeishi nalo mpaka kufa. Huenda alisema kola yako imekaa vibaya na watu wanapiga picha. Namjua Baba. Yote mawili yanawezekana, la kola zaidi kidogo.

Flashi nimeishonea ndani ya pindo la pazia, mshono wa mkono, hauonekani. Nikampigia shemeji, nikamwambia mashine imeikataa. Amesikitika sana. Amesema atajaribu mtindo mwingine. Nimesema asisumbuke.

Mama anataka kuitazama tena Jumapili, hasa pale kwenye meza ya nyuma. Nimeshapima. Pale midomo ya Baba inasogea kwa muda mfupi tu, sentensi moja ya kawaida inaenea. Mimi nimemwandikia tatu. Itabidi niseme haraka.