Saa Iliyogonga Kiswahili

Kwa Mkuu wa Chuo cha Ufundi wa Mikono,
Ghorofa ya juu, mkabala na duka la vitambaa.

Ndugu Mkuu,

Yahusu: Kunyimwa cheti cha ufundi wa saa za kale kwa kosa la kusema kweli

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye subira, maana subira yangu mimi imekwisha. Mimi ni mwalimu wa hesabu mstaafu, mwanafunzi wa darasa la Jumanne alasiri, yule wa meza ya dirishani ambaye springi ilimchomoka mkononi ikaenda kutua kwenye kikombe cha chai cha mwalimu. Naona sasa umenikumbuka.

Nilijiunga na darasa kwa sababu moja tu. Mama mkwe wangu anaishi nasi tangu alipofiwa na mumewe. Alikuja na sanduku la nguo pamoja na saa ya ukutani ya marehemu, ya mbao, kongwe kuliko mimi. Macho yake hayaoni tena, kwa hiyo saa huisikiliza. Siku saa iliponyamaza, naye alinyamaza, akawa anakaa kwenye kiti chake ameelekea ukutani tu. Mke wangu akataka tuipeleke kwa fundi. Nikasema, mbele ya watoto na shemeji, kwamba fundi ni mimi. Hapo ndipo nilipojichongea.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwalimu wetu, tunayemwita Mwalimu Taratibu kwa kuwa neno hilo halimwishi mdomoni, alitufundisha kuifungua saa, kusugua magurudumu yake kwa mswaki, kuyatia tone la mafuta na kuyarudisha. Yote niliyafanya. Skrubu moja ilibaki, lakini saa ilitembea, kwa hiyo nachukulia kwamba walioitengeneza walizidisha.

2. Alituonya kwamba saa za namna hii zina akili mbili, moja ya kusogeza mishale na nyingine ya kugonga, na akili hizo hazijuani. Ukitaka kuirekebisha, uusogeze mshale taratibu, na kila ukifika saa kamili usubiri igonge mpaka imalize. Usiposubiri, mshale utakwenda kwake na kengele kwake. Maneno haya nilikuwa nayasikiliza kwa sikio moja. Nyumbani niliuzungusha mshale kama gurudumu la cherehani, maana mke wangu alishaniita mezani na chakula kilikuwa kinapoa. Kesho yake asubuhi mshale ulipofika kwenye saba, saa ikagonga mara moja, basi.

3. Ndugu Mkuu, mshale ukiwa kwenye saba ni saa ngapi? Mimi, wewe, Mwalimu Taratibu na hata muuza magazeti wa hapo chini, sote tunasema saa moja. Tangu nijue kusoma saa nimekuwa nikitazama saba na kusema moja, nikitazama tatu na kusema tisa, na sijawahi kuuliza nani alitutwika kazi hii. Saa hizi zilitengenezwa na watu wanaohesabu tofauti na sisi. Na kumbe kwa haraka zangu nilikuwa nimezitenganisha kengele na mishale kwa sita kamili! Kama ni bahati, ni ya kwanza kunipata katika ufundi huu, kwa hiyo niliamua kuiita ujuzi. Saa yangu ndiyo ya kwanza niliyowahi kuisikia ikigonga Kiswahili.

4. Siku ya mtihani niliifunga kwa shuka, nikapanda nayo ngazi zenu kifua mbele. Mwalimu akaupeleka mshale kwenye tisa, taratibu, na saa ikagonga tatu. Nikaligeukia darasa nikingoja pongezi. Fundi cherehani wa meza ya nyuma alicheka hadi akashika mbavu. Mwalimu akasema saa haisemi inachoonyesha. Nikamweleza kwamba inasema tunachosema. Akanijibu kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi, kwamba niketi tu, kwani somo la baada ya mtihani lilikuwa hilo hilo, jinsi ya kuzipatanisha kengele na mishale. Sikuketi. Niliibeba saa yangu nikatoka, na kwa hasira nikakosea mlango nikaingia stoo ya mifagio. Nilikaa humo kwa muda, ili ionekane kwamba ndiko nilikokuwa nakwenda.

5. Faida ya kazi yangu imeonekana nyumbani, na hili mwalimu hakutaka hata kulisikia. Zamani kila saa ilipogonga, mama mkwe alikuwa akinong'ona peke yake, midomo ikicheza. Kwa uzoefu wangu nilijua mara moja: mama wa watu anatoa sita! Mchana kutwa, kwa umri ule! Tangu nilipoitengeneza hanong'oni tena. Saa ikigonga, yeye kimya. Nimemwondolea hesabu maishani, jambo ambalo wanafunzi wangu wa zamani wangeniombea dua kwa ajili yake.

6. Kwa hiyo naomba cheti changu. Naomba pia saa kubwa ya mlangoni pa chuo irekebishwe ifuate yangu, na baada yake saa zote zigongazo, popote zilipo, ziletwe kwangu nizizungushe kwa haraka ile ile. Mwisho, Mwalimu Taratibu arudishwe darasani kama mwanafunzi. Nipo tayari kumfundisha mwenyewe, mradi vikombe vya chai viwekwe mbali.

Nisalimie msajili, nisalimie mama anayefagia karakana, ambaye ndiye aliyenikuta stoo na hajamwambia mtu, na wanadarasa wote bila kumsahau aliyecheka.

Wako mwenye kudai haki kwa sauti ya kengele,

Mwanafunzi wa Meza ya Dirishani

Nyongeza: Kabla ya kuifunga barua hii nimemsomea mke wangu, nikitarajia acheke penye stoo. Hakucheka. Amesema mama yake hakuwa akitoa sita. Saa hii ilipogonga saba, baba yake alikuwa akiita kutoka popote alipo ndani ya nyumba, “Saa moja hiyo, mama,” na mama akiitikia, “Nimesikia, baba.” Ikigonga tatu, anaita saa tisa, naye anaitikia. Ndivyo walivyoishi, kila saa. Baba alipofariki, mama akawa anayasema yote mawili mwenyewe, la mumewe na lake, kwa sauti ya chini. Sasa saa inajisemea kila kitu na yeye hana la kusema. Nimeona aibu, Ndugu Mkuu, na nimehuzunika sana.

Cheti kiacheni. Jumanne nitakuja na saa kwenye shuka ile ile, nitakaa hata nyuma kwa fundi cherehani. Namwomba Mwalimu Taratibu anifundishe tena lile somo nililolikimbia, anionyeshe jinsi ya kuifanya ikosee kama ilivyokuwa. Mwambie safari hii nitasubiri kila saa imalize kugonga.