Buli la Horace Limekuwa Mjumbe

Namba 14, Mtaa wa Larkfield,
London.
Februari 9, 1942

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kuratibu Habari za Siri na Kugawa Vifaa Vyake,
Sebuleni kwangu.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA BULI LA MAREHEMU MUME WANGU

Natumaini barua hii itakukuta salama, kwa kuwa naipitisha chini ya mlango tu. Tangu mabomu yavunje madirisha ya ofisi yenu mkahamia sebuleni kwangu, sijawahi kunung'unika. Hata mnapozungumza siri na kuniomba nitoke jikoni kwangu nikasimame uani kwenye mvua, mimi hutoka, kwa sababu nchi iko vitani. Lakini sasa mmelichukua buli la chai la Horace, aliyefariki Novemba, na Jumapili ni siku yake ya kuzaliwa. Siku hiyo, tangu tuoane, yeye ndiye aliyemimina chai. Mwaka huu nilitaka nimimine kwa niaba yake.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilipowapikia chai mara ya kwanza nilifuata desturi ya kila nyumba: kijiko kimoja cha majani kwa kila mtu, na kimoja cha buli. Ninyi ni sita. Mkaguzi wa mgao akauliza kijiko cha saba ni cha nani. Mkaogopa kupunguziwa majani, mkaliandika buli kuwa mjumbe wa saba. Siwalaumu, majani ni ya taabu siku hizi. Lakini mngeniuliza.

2. Mjumbe ana kura. Jeshi la Majini na Jeshi la Anga walipogombea mkalimani mmoja wa Kijerumani, kura zikawa tatu kwa tatu, nawe ukaamua kwamba kura ya buli iende kwa yule anayeelekewa na mdomo wake. Tangu hapo Kamanda Trehane wa Majini huwahi kabla ya wenzake ili aligeuze. Juzi nilimsikia Bwana Ridsdale wa Anga akifoka, "Trehane, ondoa mkono wako kwa mjumbe!" Naye akajibu, "Namsalimia tu, ndugu yangu. Au huko kwenu mawinguni hakuna adabu?" Leo wanamaji wana wakalimani wote, mashine zote za kuchapa, na jiko langu la mafuta ya taa. Jeshi la Anga linasoma Kijerumani kwa kukisia.

3. Mmeunda kamati ndogo ya kuchunguza historia ya buli. Wajumbe wake waliniuliza ufa wa mfuniko ulitoka wapi, na kama ni alama ya adui. Nikawaeleza kwamba Horace aliuangusha kwa kicheko, siku paka wa jirani alipoingia kanisani akaketi kwenye kiti cha mchungaji. Wakaandika: "Paka atafutwe."

4. Buli limewekewa mlinzi mwenye bunduki, Koplo Gedge. Kila nikipita na ufagio hupiga kelele, "Simama! Nani huyo?"
Nasema, "Mwenye nyumba, mwanangu."
"Neno la siri?"
"Soksi zako zimekauka."
"Haya, pita mama."

5. Nilipoliomba buli, niliambiwa mjumbe aliyesikia siri hakabidhiwi raia, ila naweza kuomba kumtembelea kama jamaa yake. Nikafanyiwa usaili. "Mama, huyu mjumbe umemfahamu kwa muda gani?" Nikasema tangu harusi yangu. "Amewahi kukueleza lolote kuhusu kazi yake?" Nikasema hata neno moja. Wakatazamana kwa heshima, na mmoja akanong'ona, "Laiti wote wangekuwa hivi."

Ndugu Mwenyekiti, silitaki kwa thamani yake. Horace hakuruhusu hata siku moja lioshwe ndani kwa sabuni. Alilisuuza kwa maji moto tu, akisema ile rangi ya kahawia ndiyo nusu ya utamu. Nikichungulia humo naiona miaka yetu yote, chai juu ya chai. Ndicho kitu pekee nilichobaki nacho.

Kwa hiyo naomba, na leo nathubutu kusema nadai, buli lijiuzulu kabla ya Jumapili bila kukosa.

Nisalimie wajumbe wote, hasa Kamanda Trehane na Bwana Ridsdale, ila kila mmoja peke yake. Msalimie na yule mkalimani waliyemgombea, maskini.

Mimi mwenye sebule,
Hester Pounsett (Mjane)

N.B. Nilipoinama kuipitisha barua hii, Koplo Gedge alininong'oneza: "Mama, wamekubali. Unapewa Ijumaa. Ila kanuni inasema mjumbe anayestaafu lazima asuguliwe ndani kwa magadi, zisibaki siri." Ndugu Mwenyekiti, yasahau yote niliyoandika hapo juu. Buli linaipenda sana kazi yake. Lisistaafu kamwe, hata vita vikiisha, na ikiwezekana mlipandishe cheo. Jumapili nitawaletea chai humo humo sebuleni, na nitaomba mniruhusu niimimine mimi. Vijiko vitakuwa vinane. Mkaguzi akiuliza kile cha nane ni cha nani, mwambieni ni cha mjumbe aliyetoa udhuru.