Macho Yangu Hayana Kasoro

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta mpya zimefika. Nyembamba, nyepesi, zinang'aa utadhani zimepakwa mafuta. Mkurugenzi amezigawa mwenyewe, moja moja, huku akizisifu skrini: eti zina nukta nyingi za kuchorea picha kuliko skrini yoyote iliyowahi kuingia katika kampuni hii ya vitabu. Tukapiga makofi. Nikafungua yangu. Herufi hakuna! Yaani zipo, ila ndogo kama wadudu wa mchele. Nikarudisha kichwa nyuma. Nikakisogeza mbele. Nikafumba jicho moja. Wapi!

Nimesoma prufu hapa, nikisaka makosa kabla kitabu hakijachapwa, miaka ishirini na miwili bila miwani. Ofisi nzima inaniita Mwewe, na jina hilo, nikiri, nililianzisha mwenyewe. Na leo hii hii Mkurugenzi ametangaza kwamba mkuu wa wasoma prufu anastaafu. Kiti chake kitapata mtu Ijumaa ya wiki ijayo, kitabu cha Sayansi cha darasa la tano kikishakamilika. Wanaokimezea mate ni wawili: mimi na Bibi Miwani, mwenye miaka thelathini na minne na miwani yenye kamba shingoni. Wakijua sioni, nimekwisha.

Bibi Miwani akaniuliza kama skrini yangu iko sawa. Nikamjibu iko sawa kabisa. Akatoka na yake kwapani, sijui kwenda wapi. Siku ya kwanza tu, na tayari anazurura.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa nikipiga mswaki. Kwa nini nihangaike na macho? Nikuze herufi! Nikafungua faili la Sayansi, nikachagua maandishi yote, nikapandisha saizi kutoka kumi na moja hadi ishirini na nane. Hewallah! Kila neno limesimama wima kama askari wa gwaride. Nimesoma kwa raha hadi saa tisa, nikahifadhi, nikampelekea mpanga kurasa, nikaondoka zangu kifua mbele.

Jumatano, 5 Machi

Mpanga kurasa amekuja amekumbatia bunda la karatasi kama mama wa mapacha. Kitabu cha kurasa tisini na sita kimekuwa cha mia tatu na arobaini. Mchoro wa mmeng'enyo wa chakula umekatika vipande: mdomo uko ukurasa wa 188, tumbo ukurasa wa 191. Akauliza, mbele za watu, ni nani aliyechezea herufi. Nikajitia hamnazo, nikasema bila shaka ni kirusi. Fundi wa kompyuta akasema bado hajakutana na kirusi anayependa herufi kubwa. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nikaendelea kucheka hata wengine walipokwisha nyamaza, ikawa vibaya.

Nyumbani mama watoto aliniona nikisoma ujumbe wa simu kwa mkono ulionyooka. Akashauri niende kwa daktari wa macho. Akaongeza kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamweleza kwamba methali hiyo inahusu maradhi, na mimi sina maradhi. Nina kompyuta.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji, ndugu yake mama watoto, huuza vifuniko vya simu, na kwa sababu hiyo anajua kila kitu kuhusu kompyuta. Kaja nyumbani kwa chakula cha mchana, nami nimerudi na mashine. Nikamsogezea mashine pamoja na sahani. Akaingia kwenye mipangilio, akapunguza nukta za skrini hadi nusu. Herufi zikanenepa papo hapo! Nikamkumbatia. Akaongezewa chakula.

Alipoondoka ndipo nikagundua kwamba zimenenepa na kushikwa na ukungu. Kingo zimelegea kama sabuni iliyolala kwenye maji. Nimesahihisha makosa kumi na manne ambayo, nilipoyatazama upya kwenye karatasi, hayakuwapo. Halafu dakika kumi nzima nilipambana na alama ya mkato iliyokataa kufutika. Ulikuwa uchafu kwenye kioo.

Kichwa kinaniuma. Sasa nina hakika macho yameharibika zaidi tangu Jumatatu. Naogopa. Sijawahi kuandika neno hilo humu.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango mpya, wa kiungwana. Nimemwendea Bibi Miwani na kumwambia kwamba, kama mtu mzima kazini, ningependa kumpa mafunzo ya bure: asome sura kwa sauti, nami nisikilize kwa kina. Akakubali haraka kuliko nilivyotarajia. Nikaegemea kiti, nikafumba macho, nikawa natikisa kichwa kama hakimu.

Alisoma vizuri. Ilikuwa sura ya milango ya fahamu. Alipofika penye maelezo ya jinsi jicho la mtu linavyochoka miaka ikisonga, akapunguza mwendo. Nikamwambia asonge mbele, hapo hapana makosa.

Mengine aliyaona. Makosa ishirini na tatu! Kila akiona moja, analiandika kwenye daftari lake, kwa mwandiko wake, chini ya jina lake. Saa kumi amempelekea Mkurugenzi orodha. Mkurugenzi kampongeza kwenye korido kwa sauti iliyofika hadi chooni, nilikokuwa. Mimi kaniambia kwamba ni jambo jema wazee wakiwapa vijana nafasi. Wazee!

Jumatano, 12 Machi

Fundi wa kompyuta amekuja kutafuta kile kirusi changu. Kanikuta pua imegusa kioo. Nilijaribu kumshawishi kwamba nilikuwa nanusa kama mashine inaungua. Hakubishana. Akavuta kiti, akatazama skrini, akauliza ni muuza maembe gani aliyeiweka hivi. Nikamtetea shemeji kwa kumwita mtaalamu wa nje.

Kisha akaniuliza, taratibu, kama siku zote hizi mzee nimekuwa nikisoma namna hii. Akanieleza. Skrini hizi zina nukta ndogo mno, zimebanana, kwa hiyo herufi zikichorwa kwa idadi ileile ya nukta za zamani hutoka kama vumbi. Hakuna haja ya kukuza maandishi ndani ya kitabu, wala kupunguza nukta. Unaziacha nukta zote, unapandisha kipimo cha skrini nzima kutoka asilimia mia hadi mia mbili. Akabonyeza mara mbili. Basi.

Herufi zikaja. Kubwa, kali, nyeusi tii. Niliona hadi kidoti juu ya i. Machozi yalinilengalenga, siyafichi.

Akasema si macho, ni skrini. Akasema watu wote walimfuata Jumatatu ile ile, wa kwanza akiwa Mkurugenzi mwenyewe, wa pili Bibi Miwani na mashine yake kwapani. Nilibaki mimi tu. Nikamwomba iwe siri yetu. Akauliza kwa nini jambo dogo hivi liwe siri. Mafundi hawaelewi uongozi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimesoma kitabu kizima tangu ukurasa wa kwanza. Makosa sitini na moja, yote ya kweli! Moja lilikuwa kwenye jalada, ambalo macho manne ya Bibi Miwani na haya mawili yangu yalikuwa yamelipita. Mkurugenzi kaja mwenyewe mezani kwangu na kunishika bega. Kaniambia kesho nivae shati zuri. Mama watoto analipiga pasi nikiandika haya. Amefurahi kuliko mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Mkutano. Shati zuri. Mkurugenzi akaanza kusema kwamba, baada ya kazi aliyoiona jana, kiti cha mkuu wa wasoma prufu ameamua kumpa...

Hapo nikasimama. Sijui kilichonisimamisha. Niliona tu kwamba ushindi umekuja bila hotuba, na haifai. Nikawaambia kwamba wenzangu walikimbilia kwa fundi siku ya kwanza wakuziwe herufi, na siwalaumu, kila mtu na majaliwa yake. Lakini mimi, Mwewe, nimefanya kazi hii kwa herufi zile zile ndogo zilivyotoka kiwandani, kwa macho makavu, na hata zingekuwa ndogo zaidi ningezisoma.

Fundi akatazama dari. Mkurugenzi akaweka kalamu chini, akanikodolea macho, akasema mbele ya wote kwamba alikuwa karibu kufanya kosa kubwa. Kumfungia mtu mwenye macho hayo ofisini, asaini fomu! Kiti akampa Bibi Miwani. Mimi akanipa kazi ambayo, kwa maneno yake, kila mtu wa kampuni hii ameikimbia: kamusi ya mfukoni.

Nilishukuru. Ningefanya nini?

Jumatatu, 17 Machi

Kamusi imefika. Ukubwa wa kiberiti, kurasa mia sita. Ilichapwa zamani, faili lake halipo tena, kwa hiyo ni kulinganisha karatasi na karatasi, neno kwa neno, hadi Desemba. Nimefungua ukurasa wa kwanza. Naona mistari ya kijivu. Nimejikuta nautanua kwa vidole viwili. Umechanika.

Bibi Miwani ametoka kwenye ofisi yake mpya kuja kunijulia hali. Akasema, kwa adabu zake, kwamba ana miwani ya akiba ya kusomea, nichukue tu, hakuna atakayejua. Nikamwambia naona kila kitu. Mama watoto naye amenipangia miadi kwa daktari wa macho Alhamisi. Nimempigia daktari simu aifute.

Kwani hawa watu hawasikii? Jambo hili lilikwisha kuthibitishwa Jumatano, na mtaalamu, mbele ya macho yangu mwenyewe, ambayo hayana kasoro yoyote. Tatizo ni karatasi. Nimeshamwambia fundi aje kesho asubuhi na vifaa vyake.