Kengele Itakayoishinda Redio ya Kasongo

Jumatatu, 5 Novemba 2001
Nimeula! Mama Florentine, mwenye mashine ya kusaga hapa mtaani Tshopo, amekubali. Nimtengenezee sanduku la kupiga kengele umeme ukirudi, wateja walete mihogo mikavu upesi. Likifanya kazi kabla ya Jumapili kuisha, chumba chake cha nyuma kinakuwa karakana yangu. La sivyo anapewa Kasongo, fundi redio. Kasongo! Hupuliza vumbi tu, basi anaitwa fundi.

Jumanne, 6 Novemba
Sanduku ni kompyuta kuukuu isiyo na skrini. Betri hakuna, askari wamezoa zote, kwa hiyo litaamka na umeme wenyewe. Ndani nimeweka Linux, mfumo wa bure ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuubadilisha. Hakuna wa kunizuia! Dada yangu Micheline anasema hilo ndilo tatizo.

Kengele tupu ni aibu. Nimeongeza wimbo wa kwaya, salamu kwa lugha tatu, na mchezo wa karata. Micheline akauliza karata zitaonekana wapi. Wivu.

Alhamisi, 8 Novemba
Msiba. Umeme ulirudi. Redio ya Kasongo, ile ya zamani anayoiacha bila kuizima ili iuamshe mtaa umeme ukirudi, ikapata joto, ikakohoa, ikapiga rumba. Akina mama mbio na mabeseni! Sanduku langu likaanza kukagua diski. Likakagua. Likapakia kwaya. Likapakia karata. Umeme ukakatika.

Kasongo akauliza kwa upole kama limekwenda kukagua na bwawa la umeme. Mama Florentine hakucheka.

“Osée, masini yako iko muvivu. Dimanche nitapea Kasongo chumba.” Dimanche, Jumapili, zimebaki siku tatu!

Ijumaa, 9 Novemba
Nimepanda toleka, baiskeli ya abiria, hadi Makiso katikati ya mji, sanduku mapajani, kumwona rafiki yangu Isaïe, mwalimu wa kompyuta. Kwenye kizuizi cha barabarani askari waliona nyaya wakadhani bomu. Nikawaeleza Linux tangu mwanzo. Wakanisihi niende zangu.

Isaïe akasema sanduku lenye kazi moja libebe kazi moja: futa vingine vyote, hata ukaguzi wa diski. Nimefuta. Karata nilizifuta mwisho, na nililia.

Jumapili, 11 Novemba
LIMELIA! Umeme ulirudi baada ya misa, na kengele ikalia huku redio ya Kasongo bado inakohoa. Mama Florentine alicheza kwa mabega hadi kitenge kikalegea. Amenipa ufunguo wa chumba mbele ya watu wote. Sijawahi kufurahi hivi, hata kabla ya vita.

Jumatatu, 12 Novemba
Karakana yangu! Ila kengele ile, nikiisikiliza vizuri, ni kavu mno. Nimerudisha kwaya. Na salamu, sasa lugha nne. Na karata. Na kwa kuwa sasa nina uzoefu, drafti. Litachelewa kidogo tu.

Micheline ameuliza ampelekee Kasongo ufunguo sasa hivi, au asubiri umeme urudi. Wivu!