Mtu Mmoja wa Kuomba Santuri Yangu

Jumatatu, 4 Novemba

Theluji imewahi mwaka huu. Njiani hakuna nyayo ila zangu, za kwenda kwenye sanduku la barua na za kurudi. Sanduku tupu. Haidhuru.

Leo kazi ipo! Redio ya chuo hapa Thunder Bay itapiga Ijumaa asubuhi albamu nzima ya mwanamuziki wa mji huu aliyesahauliwa. Pande zote mbili, bila kukata. Aliyesahauliwa! Nani kasahauliwa kunishinda mimi, Reino Kivela? Nimetoa albamu mbili za roki, 1972 na 1974. Hata mbwa wangu, alipokuwa hai, nikiziweka alikuwa anatoka nje.

Sharti ni moja: wasikilizaji waombe. Nimepiga simu mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Kwanza mwalimu mstaafu. Kisha dereva wa lori mwenye mafua. Mwisho mjane wa Kenora, sauti nyembamba, machozi kidogo. Yule mjane nilimwonea huruma mimi mwenyewe.

Mtangazaji ni binti anaitwa Delphine. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa adabu: mzee Reino, na huyu mjane naye ana kikohozi chako?

Nikakata.

Jumanne, 5 Novemba

Delphine kanipigia yeye. Mpole. Hapo ndipo panapouma. Anasema amepokea maombi kumi na moja ya Moshi wa Kinu, albamu yangu ya kwanza, na yote yanakohoa. Anataka ombi moja tu la mtu asiye mimi. Mmoja, mzee wangu. Mwisho Alhamisi saa kumi.

Mmoja! Nikacheka. Mji wa watu zaidi ya laki.

Nikakaa na daftari la namba za simu magotini. Nikafungua. Nikafunga. Wengi wa humo wamehamia makaburini.

Mtu atasema: santuri unazo, maboksi kumi na manne huko chini ya nyumba, si ujipigie? Huyo hajui kitu. Ukiweka sindano mwenyewe, unasikia sindano. Redioni kuna mtu mwingine amekuchagua. Halafu kuna ule wimbo wa mwisho, upande wa pili. Marehemu mke wangu Aila anaimba nyuma yangu, mistari minne. Sijawahi kumsikia redioni hata siku moja. Na enzi hizo serikali ilishatoa amri, redio zipige nyimbo za Wakanada kwa lazima. Kwa lazima! Bado wakaniruka.

Jumatano, 6 Novemba

Mkahawa wa Wafini, chapati za maji na jamu. Nimemwomba Marlene, anayenihudumia miaka ishirini sasa, apige simu redioni. Akashangaa: kumbe wewe unaimba? Mimi nilidhani fundi bomba. Hata hivyo akakubali, mwanamke mwema, akaandika jina la albamu kiganjani. Kisha akaenda kuosha vyombo. Nimeona kwa macho yangu Moshi wa Kinu ukiingia kwenye povu.

Meza ya pili nani? Gord Halchuk! Mpiga ngoma wangu wa zamani, tumbo kama pipa. Alikuwa kasikia yote. Akapaza sauti, eti kwa nini nisiwaombe samaki wa ziwani, wale hawana pa kukimbilia. Mkahawa mzima ukacheka.

Hajanisamehe ule uzinduzi wa albamu ya pili. Mwaka 1974, mapumziko ya mechi ya hoki, nikaamua tupige katikati ya barafu, watu elfu mbili watuone. Wazo zuri! Ningejuaje kwamba dereva wa mashine ya kulainisha barafu alikuwa hajaambiwa? Mimi niliruka. Ngoma za Gord haziruki. Akaniacha, akaenda kupiga polka na kodiani, akatoa albamu yake. Polka!

Akaniambia nikipiga magoti mbele ya Marlene ataniombea. Nikamjibu magoti yangu yana daktari wake, nimuulize kwanza. Nikaondoka kichwa juu. Kofia nikaisahau.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimemkomesha Gord! Hatarudia.

Hadithi yenyewe inaanzia mbali. Albamu ya kwanza ilitangazwa na binamu yangu Wilf, muuza mabuti. Aliziuza juu ya paa la gari nje ya uwanja wa hoki, akipiga kelele. Ni yeye aliyeamua tuchapishe nyuma ya jalada namba ya simu ya nyumbani: Ukiipenda, nipigie. Mama alikuwa anakaa karibu na simu na kalamu. Namba hiyo sijaibadilisha miaka arobaini na saba. Aila alitaka tuhamie Sudbury kwa dada yake. Nikakataa. Na namba je?

Na nani kapiga miaka yote hiyo? Gord. Kwa sauti ya kike. Mara mchumba wa Paris, mara mjakazi wa malkia.

Sasa leo asubuhi simu inalia. Sauti ya mama mtu mzima. Anapiga kutoka Nipigon. Eti alinunua Moshi wa Kinu juu ya paa la gari, kwa mwanamume aliyekuwa anapiga kelele za mabuti. Eti kasikia redio inatafuta waliosahauliwa, kageuza jalada, kaona namba. Hakutegemea mtu kupokea. Ana swali moja tu: yule mwanamke anayeimba mwishoni ni nani?

Nikafungua mdomo kumtaja Aila. Kisha nikaelewa. Gord! Anajua pa kuchoma. Nikamwambia: Gord, beberu mnene wewe, sauti ya kike hujaiweza tangu enzi za Mama, na Aila mwache apumzike. Pwaa! Nikakata.



Saa kumi ikapita. Marlene hakupiga. Hakuna aliyepiga.

Ijumaa, 8 Novemba

Saa tatu nimefungua redio. Nijue tu kanishinda nani. Kodiani! Gord! Albamu nzima ya polka, pande zote mbili, bila kukata!

Nikampigia Delphine, moto. Akaniacha nichemke, akanieleza. Jana mchana alipigiwa na mama mmoja wa Nipigon, Bernadette. Alitaka kuomba Moshi wa Kinu. Lakini alianza kwa kupiga namba ya nyuma ya jalada, akatukanwa na mwanamume aliyemwita Gord. Basi akauliza huyo Gord ni nani, naye ana albamu? Huenda yeye ni muungwana. Akaomba ya Gord.

Nikakaa kwenye ngazi.

Delphine akanipa namba ya yule mama. Akasema: mpigie, mzee. Kwa sauti yako, tafadhali.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimempigia. Ila si kienyeji! Mtu mkubwa haombi radhi mwenyewe. Nikabana pua: hapa ni katibu wa bwana Kivela. Nikaeleza kwamba juzi simu ilipokelewa na mfanyakazi mlevi, tumeshamfukuza.

Bernadette akacheka. Mwema kabisa. Akasema yaliyopita basi, angependa kuongea na bwana Kivela mwenyewe. Yupo?

Nikasema ametoka. Shughuli nyingi. Watu wengi wanamtaka.

Akauliza kama mimi namjua yule mwanamke anayeimba mwishoni. Amekuwa akimsikiliza miaka yote.

Nikasema mimi katibu tu, mama. Sijui.

Basi mwambie anipigie, akasema. Muda wowote. Niko nyumbani, sina pa kwenda.

Sauti ya katibu ilitoka safi, hata kikohozi hakikuthubutu. Ujumbe nimeuandika vizuri kwenye karatasi, nikaubandika juu ya simu. Reino akirudi atauona.